Jamvi Kuukuu la Msikiti, na Vitu Tuvitupavyo

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), somo letu hili ni katika mlango wa wakfu, nalo lina mas-ala moja ambayo wanafunzi wengi huipita mbio kwa kuidhania ni ndogo. Mas-ala yenyewe ni hii: majamvi ya msikiti yakichakaa, na boriti yake ikivunjika, vifanywe nini?

Kila aliyesoma fiqhi kidogo ajua ya kuwa kitu cha wakfu hakiuzwi, wala hakipewi mtu, wala hakirithiwi. Lau tungalikwenda kwa dhahiri ya neno hili tu, jamvi la msikiti lingalikaa pembeni likaoza mpaka likawa vumbi, na hapana ambaye angalithubutu kuligusa. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (nao ni 1277 wa Kizungu), katika kitabu chake Minhaj kinachotegemewa na maulamaa wetu wa pwani, ameipa nguvu kauli ya kuwa majamvi yaliyochakaa na boriti iliyovunjika yafaa kuuzwa, maadamu havifai tena illa kwa kuchomwa. Wako wengine katika madhehebu yetu ya Imam Shafii walioikataa kauli hii, nao wana hoja: wakfu ni wakfu, hata ukiwa umebaki kipande. Lakini wenye kujuzisha wametazama jambo jingine. Wamesema kitu hiki kikiachwa kitapotea bure na kitausonga msikiti, na bei yake, japo ni ndogo, yaweza kurudi katika maslaha ya msikiti ule ule.

Sasa sikiliza waliyoyaongeza washereheshaji wa kitabu hicho, kwani hapo ndipo penye faida. Wamesema: hayo ya kuuza ni kwa kitu ambacho hakifai illa kuchomwa. Ama boriti iliyovunjika ambayo yaweza kupasuliwa ikawa mbao, au ikatengenezwa mlango, hiyo haiuzwi kabisa, wala hapana khitilafu katika jambo hilo. Yatakiwa itumiwe katika kazi iliyo karibu zaidi na makusudio ya yule aliyeiweka wakfu.

Itazame taratibu hii, ewe msomaji. Kwanza kitu hutumiwa katika kazi yake kilichofanyiwa. Kikishindwa na kazi ile, hutafutiwa kazi nyingine iliyo jirani nayo. Kikishindwa na hiyo pia, huuzwa kwa yule awezaye kupata kwacho manfaa yoyote, ingawa ni kuni. Na kila jamvi lina daraja nyingine kabla ya hizo, ambayo mafundi wetu waliijua bila ya kuisoma kitabuni: jamvi lashonwa kwa ukili, na ukili wasukwa kwa miyaa, basi ukili mmoja ukikatika hufumuliwa peke yake ukashonwa mwingine pahala pake, na jamvi likaendelea kusaliwa miaka. Katika daraja zote hizi, mafaqihi hawakutaja kutupa. Hawakulisahau neno hilo. Wamelitaja pahala pengine, na huko ndiko tunakotaka kukupeleka.

Katika mlango wa hajri, yaani mlango wa mtu anayezuiliwa mali yake asiitumie mwenyewe, imeelezwa ya kuwa kijana akibaleghe hakabidhiwi mali yake mpaka ionekane ana rushdi, na katika rushdi ni kuwa asiwe mubadhiri. Jee, mubadhiri ni nani? Imam Nawawi ametoa mifano mitatu: mtu anayeipoteza mali kwa kukubali kupunjwa punjo kubwa katika biashara, au kwa kuitupa baharini, au kwa kuitumia katika haramu. Kisha akaongeza neno ambalo litawastaajabisha wengi: kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa mwenye kuitumia mali yake katika sadaka na mambo ya kheri, hata katika vyakula na mavazi yaliyozidi hali yake, huyo hahesabiwi kuwa mubadhiri katika hukumu hii. Amefanya lisilomlaiki, na pengine ataulizwa kwa israfu yake, walakini kadhi hamzuilii mali kwa sababu hiyo. Na sababu waliyoitoa ni kuwa mali imefanywa ili watu wastarehe nayo, na huyu amestarehe. Ama yule aliyeitupa baharini, hakustarehe yeye, wala hakustarehe mwingine.

Basi tofauti imekudhihirikia. Mtu aliyenunua kanzu ya bei kubwa akaivaa, na mtu aliyenunua kanzu ya bei ndogo akaitupa kwa kuwa imeng'oka kifungo, ulimi wetu hukimbilia kumlaumu wa kwanza. Mizani ya mafaqihi yamwelekea wa pili. Wala hatusemi kwamba kila mwenye kutupa kitu apelekwe kwa kadhi azuiliwe mali yake. Hilo hapana aliyelisema. Twasema kuwa tendo lake ni la jinsi ile ile, na mtu mwenye akili haoni fakhari kufanya kidogo kidogo jambo ambalo angalilifanya kwa wingi angaliitwa safihi. Na Qur'ani, katika sura ya Bani Israil, baada ya kuamrisha kupewa haki yao jamaa na masikini na msafiri, imekataza tabdhiri na kuwaita wafanyao hivyo ndugu za mashetani. Angalia vipi mambo mawili haya yamewekwa pamoja: haki ya masikini, na kupoteza mali. Kwani kitu kilichopotezwa aghlabu kilikuwa na mtu wa kukihitaji.

Labda msomaji atasema, katika zama zetu hizi nani atupaye mali baharini? Na ateremke pwani maji yakipwa, popote atakapo, kutoka Lamu mpaka Kilwa, atazame bahari imetapika nini. Ataona ndara za mguu mmoja mmoja, chupa, vifuniko, vikombe, vipande vya nyavu za nailoni. Kila kimoja katika hivyo kilinunuliwa kwa pesa ya halali iliyotoka jasho. Mwaka 2018 huko Lamu, mafundi wa vyombo wakiongozwa na fundi Ali Skanda walimaliza kuunda jahazi dogo lenye urefu wa kiasi cha mita 9 kwa plastiki iliyookotwa, kiasi cha tani 10, wakalivisha vipande vya ndara zipatazo 30,000. Wakaliita Flipflopi. Mwaka 2019 likatweka tanga likasafiri kutoka Lamu mpaka Unguja, na kila bandari lilipopita watu walitoka kulitazama. Plastiki ile waliikata kwa msumeno na kuichonga kwa tezo kama mbao.

Kazi ile ni ya kusifiwa. Lakini irudishe katika taratibu ya jamvi, utaona imekaa wapi. Kuyeyusha plastiki ukaifanya ubao ni daraja ya mwisho, jirani na ile ya kuni. Ndara zile 30,000 zilikwisha kuzikosa daraja zote za juu: hapana aliyezitia gidamu mpya, wala aliyempa mwingine zikiwa nzima. Mtu asije akajipa moyo akasema, natupa tu, yatafanywa jahazi. Hisabu ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 yasema kuwa katika mwaka 2022 ulimwengu ulipata taka za vyombo vya umeme, kama vile simu na redio na majokofu, tani milioni 62, na kwamba zilizojulikana kukusanywa na kutengenezwa kwa njia ya sawa hazikufika robo yake. Sehemu kubwa iliyobaki haijulikani ilikokwenda. Watu wamekuwa wepesi mno wa kununua, na wazito mno wa kutengeneza.

Sasa tuje kwenye kutengeneza, nalo ndilo jambo ambalo wengi wetu, khasa wanaume, tumelionea haya.

Imam Bukhari amepokea kwa Anas bin Malik (r.a.) khabari ya kikombe cha Mtume (s.a.w.). Kikombe kile kilipasuka, na palipopasuka pakaungwa kwa mnyororo wa fedha. Maulamaa wamekhitalifiana ni nani aliyekiunga, Mtume mwenyewe au Anas baada yake. Lakini mpokezi mmoja, jina lake Asim, amesema yeye alikiona kikombe hicho kwa Anas akakinywea, yaani miaka mingi baada ya Mtume kufariki. Na katika khabari hiyo mna kuwa kikombe kilikuwa na duara ya chuma, Anas akataka kuiondoa atie ya dhahabu au ya fedha. Abu Talha akamkataza, akamwambia asibadilishe kitu alichokifanya Mtume. Akaiacha chuma pale pale. Huyu hakuwa mtu aliyekosa cha kunywea.

Na kwa khabari kama hizi mafaqihi wameweka katika mlango wa tahara, pale wanapotaja vyombo, mas-ala ya dhabba. Dhabba ni kiraka cha madini kiungacho chombo kilichopasuka. Kiraka cha dhahabu, kauli ya Imam Nawawi ni haramu kwa hali yoyote. Kiraka cha fedha, kikiwa kikubwa na ni kwa ajili ya pambo, ni haramu. Kikiwa kidogo kwa ajili ya pambo, au kikubwa kwa ajili ya haja, chafaa pamoja na karaha. Na kikiwa kidogo kwa ajili ya haja, chafaa wala hapana karaha ndani yake. Wanafunzi huihifadhi sura hii ya nne wakaendelea mbele, wasiulize: haja ni nini hapa? Jee, ni mtu kutokuwa na chombo kingine, au kutopata kitu cha kuungia ila fedha? Washereheshaji wamejibu: hapana. Makusudio ya haja ni nia ya kukitengeneza chombo. Hata akiwa anacho kingine, hata akiwa ana shaba na chuma, kule kutaka kukiunga chombo kilichovunjika ni haja inayotosha katika sharia kumhalalishia fedha kidogo, ambayo bila ya sababu hiyo ingalitiwa makosani. Tafakari ukubwa wa neno hili. Kutengeneza chombo kumehesabiwa ni haja kwa nafsi yake, na sisi twakuhesabu ni alama ya ufukara!

Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa akishona nguo yake, akitengeneza kiatu chake, na katika mapokezi mengine akiziba ndoo yake, kama wafanyavyo watu majumbani mwao. Na katika Muwatta ya Imam Malik, Anas ameeleza kuwa alimwona Seyyidna Umar (r.a.) zama za ukhalifa wake, naye amevaa nguo iliyotiwa viraka vitatu baina ya mabega, kimoja juu ya mwenziwe. Sisi leo mtu akiwa na kiraka kimoja, na kiko ndani ya mshono hakionekani, huchukua njia ya nyuma kwenda msikitini.

Nasi wa pwani hatukuwa hivi. Tazama jahazi: ubao ukioza huondolewa peke yake, na maungio yakianza kuvuja hutiwa kalafati kwa pamba na mafuta, chombo kikapandishwa mchangani na kuteremshwa tena, mpaka ukafika wakati ambapo fundi hawezi kukwambia ni ubao gani uliokuwamo tangu chombo kilipoundwa. Milango ya nakshi ya Lamu na ya Unguja imehama kutoka nyumba iliyoanguka ikaenda nyumba iliyojengwa. Sufuria za shaba zilitiwa kalai kila zilipochujuka. Mfua bati aliufanya mkebe wa maziwa kibatari, na gurudumu la gari likawa viatu vya akala. Na wanawake wetu, tuseme kweli, wametushinda. Kanga huanza ikiwa nguo ya arusi, ikawa ya kutokea, ikawa ya jikoni, ikawa mbeleko, ikawa winda, na mwisho wake ni tambara la kupangusia, kisha ndipo isemwe imekwisha. Mwanamume ndiye aletaye nyumbani redio, akaiweka juu ya kabati ilipoharibika waya mmoja, mwaka wa pili akaitia jaani.

Watu husema, mafundi siku hizi ni ghali, na kitu kipya ni rahisi. Neno hili lina kweli ndani yake wala hatulikanushi. Viko vitu ambavyo vimefanywa makusudi visifunguke, na bakuli la plastiki likipasuka hapana fundi alijuaye. Lakini wengi wasemao hivi hawakupiga hisabu. Tuseme kiatu cha shilingi 600 chadumu miezi minne, na kiatu cha ngozi cha shilingi 2,000 chadumu miaka mitatu, pamoja na kumwendea fundi mara mbili kwa shilingi 200 kila mara. Katika miaka hiyo mitatu, mwenye kiatu rahisi amenunua jozi tisa, ametoa shilingi 5,400. Mwenye kiatu ghali ametoa 2,400, naye amemlisha fundi wa mtaani, na hakutupa kitu. Yule wa kwanza ndiye aliyepunjwa, na kupunjwa, kama ulivyoona, ni katika mifano mitatu ya tabdhiri. Masikini asiyekuwa nazo 2,000 kwa mara moja ana udhuru, naye hatumlaumu. Twasema na yule aliye nazo.

Ama vitu visivyotengenezeka, hukumu yake ni siku ya kuvinunua, siyo siku ya kuvitupa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kuchukulia bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Watu walipiga kelele wakasema biashara itakufa, na siku chache baadaye wakakumbuka ya kuwa kikapu cha ukili kiko ukutani.

Kuna na kitu ambacho watu hukitupa kwa kudhani dini imekiharamisha, na dini haikufanya hivyo. Katika Bukhari na Muslim mna khabari ya mbuzi au kondoo wa sadaka aliyepewa huria wa Bibi Maimuna (r.a.), akafa. Mtume akapita akauliza kwa nini hawakuichukua ngozi yake wakaidabighi wakanufaika nayo. Wakasema ni mzoga. Akawafahamisha kuwa kilichoharimishwa ni kumla. Kwa hivyo madhehebu yetu ngozi ya mnyama aliyekufa hutahirika kwa kudabighiwa, ila ya mbwa na ya nguruwe. Hata mzoga, basi, ulikaguliwa una manfaa gani kabla ya kutupwa.

Tumebakiwa na mambo mawili, kuazima na kutoa, na katika yote mawili mna maradhi.

Kuazima kwanza. Sura ya Al-Maun imewalaumu watu wanaozuia maun, na Ibn Masud (r.a.) ameifasiri kuwa ni vitu watu waazimanavyo baina yao, kama ndoo, na chungu, na shoka. Hebu hisabu mtaani mwako kuna ngazi ngapi, na kila ngazi hupandwa mara ngapi kwa mwaka. Kuna keekee ngapi, mapauro mangapi, sufuria ngapi za arusi. Nyumba kumi zimenunua vitu kumi, na kimoja au viwili vingaliwatosha. Watu wameacha kuazimana kwa sababu moja tunayoijua sote: mwenye kuazima hakirudishi, au hukirudisha kimevunjika akasema ni kazi ya Mungu. Dawa yake imo katika sharia hiyo hiyo. Siku za vita vya Hunain, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume alizitaka deraya za Safwan bin Umayya, naye hajasilimu bado. Safwan akauliza kama ni kwa kunyang'anywa. Mtume akamjibu kuwa ni azima yenye dhamana. Na hiyo ndiyo kauli ya madhehebu yetu: aliyeazima kitu, kikiharibika mkononi mwake kwa jambo lisilokuwa katika matumizi aliyoruhusiwa, atakilipa, hata ikiwa hakukusudia wala hakuzembea. Kikichakaa kwa matumizi yale yale aliyoruhusiwa, halipi. Shoka likipungua makali kwa kupasulia kuni ulizoambiwa upasue, huna deni. Likiibiwa uwanjani kwako, unalo. Lau watu wangaliambiana hivi waziwazi mlangoni, kabla kitu hakijatoka, mkono wa mwenye kutoa ungalikuwa mwepesi, na urafiki ungalisalimika.

Kisha kutoa. Katika sura ya Al-Baqara tumeamrishwa tutoe katika vizuri tulivyovichuma, na tumekatazwa kukusudia kilicho kibovu tukakitoa, hali ya kuwa lau tungalipewa sisi tusingalikipokea illa kwa kufumba macho. Hii ndiyo mizani ya kila anayefungua sanduku lake akatenga nguo za kuwapa watu. Shati lisilo na vifungo, kanzu yenye doa la mafuta, suruali iliyopasuka matakoni: akimpelekea jirani yake masikini na kusema nimetoa sadaka, kwa kweli amemhamishia kazi ya kutupa. Angalia marobota ya mitumba yashukayo bandarini Mombasa na Dar es Salaam. Mchuuzi hulinunua robota limefungwa, hajui mna nini ndani. Akilifungua, katika nguo njema atakuta nyingine zisizovalika, nazo ametoa pesa yake kuzinunua, na jaa litakalozipokea ni la kwetu. Aliyezitoa huko kwao pengine alilala usingizi mzuri usiku ule, akiona amesaidia. Tusiwacheke watu wa ng'ambo. Mtindo ni huo huo unaokwenda baina ya nyumba na nyumba hapa mjini.

Mwenye kutaka kutoa kitu kilichotumika, na akifue, akitie kifungo, akimpe mtu kingali na umri mbele yake. Kiatu ambacho mtoto wako amekipita mguu, mpe mwenye mtoto mdogo mwezi ule ule, usingoje mpaka ngozi ikauke uvunguni. Kitabu cha chuo alichokimaliza mwanao, chavuka kwenda kwa mwanafunzi mwingine kwa kugharimu gundi na karatasi ya jalada tu. Na umpe faraghani. Vitu vilivyotumika vina fedheha yake mbele ya watu, na mpokeaji ana uso kama wewe.

Sasa turudi msikitini. Misikiti mingi imeacha majamvi ikatandika mazulia, na zulia la zamani linapotolewa huonekana watu wakiligawana mlangoni, huyu kwa ajili ya baraza yake, huyu kwa ajili ya gari lake, kila mmoja akiona amepata baraka. Nadhiri wa msikiti hana ruhusa ya kugawa hivyo. Atazame kwanza zulia lile lilipatikana vipi. Likiwa lilinunuliwa kwa fedha za msikiti wala halikuwekwa wakfu lenyewe, ana njia ya kuliuza panapo maslaha. Likiwa ni wakfu, basi maadamu kipande chake chafaa kusaliwa, kikatwe kitandikwe pale pale, ukumbini au palipo na majamvi mabovu zaidi. Hata kikiwa cha kupangusia miguu penye birika la kutawadhia, ni kazi ya msikiti. Kisichofaa kabisa ndicho cha kuuzwa, kwa kauli ile tuliyoitaja, na mwenye kukitaka kwa baraza yake na akinunue, ingawa ni kwa shilingi tano, akiwa ni tajiri au ni masikini. Shilingi tano hizo ziandikwe katika daftari ya msikiti, na zikinunuliwa uzi wa kushonea jamvi jingine zitakuwa zimefika pahala pake.